Pumzi ya Kuazima

Mwaka wa 2020 Wakenya wengi tulijifunza neno jipya: ventileta. Ghafla kila mtu akawa mhasibu. Hospitali ya kaunti yetu iko na ngapi? Ngapi zinafanya kazi, na ngapi bado ziko kwenye maboksi? Mwezi wa Aprili wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha mashine ya kupumulia waliyoiunda wenyewe, na nchi ikawapigia makofi. Walistahili. Lakini katika hesabu zile zote kuna swali ambalo sikulisikia sana, na ndilo linalonifanya niandike leo: mtu akishawekwa kwenye mashine, anatokaje?

Wengi wetu tunajibu kwa picha za filamu. Mgonjwa anafungua macho, mrija unatolewa, anakohoa, anaomba maji, familia inalia kwa furaha. Na kweli, kwa wagonjwa wengi mambo huwa karibu hivyo. Lakini wako wengine ambao wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, mwezi unakatika. Ugonjwa uliowaleta umetulia, homa imeshuka, hata macho wanafungua, ila pumzi yao wenyewe haijarudi. Kila ikizimwa mashine, kifua kinahangaika, jasho linawatoka, mashine inawashwa tena. Kwao hao, kutoka kwenye mashine ni safari ndefu, na safari hiyo ina historia yake.

Kiswahili kina neno zuri hapa. Mama anapomwachisha mtoto ziwa, tunasema anamlikiza. Mzizi ni ule ule wa likizo: kumpa mtu ruhusa aende. Madaktari wanaozungumza Kiingereza nao waliazima neno lao la mtoto na ziwa, wakalitumia kwa mtu mzima na mashine. Ni neno tamu, lakini lina mtego wake. Linatufanya tuamini kwamba lazima mambo yaende polepole, kwamba mashine ni mama na mgonjwa ni mtoto asiyejua kinachomfaa. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi aliyechelewa si mgonjwa. Ni sisi tuliochelewa kumuuliza.

Tuanze na chuma. Mwaka wa 1928, huko Boston, Marekani, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wameunda tangi ambalo mgonjwa alilazwa ndani yake, kichwa peke yake kikibaki nje. Pampu ilivuta hewa kutoka ndani ya tangi, kifua kikapanuka, pumzi ikaingia kwa mdomo na pua. Kisha hewa ikarudishwa, kifua kikashuka. Wa kwanza kuwekwa humo hospitalini alikuwa mtoto wa kike wa miaka minane, aliyekuwa amepoozwa na polio na alikuwa amezimia. Ndani ya dakika chache alipata nafuu. Siku chache baadaye alikufa kwa nimonia. Mwanzo kabisa mashine ilitoa somo ambalo tungelirudia kwa miaka mingi: kumpa mtu pumzi ni jambo moja, kumrudishia maisha ni jingine.

Wale walioponea ndani ya matangi hayo ndio waliokuwa wa kwanza kufunzwa kuachana na mashine. Walitolewa nje kwa dakika moja, kesho mbili, keshokutwa tatu, huku mtu amesimama kando na saa. Wengine misuli ilirudi kidogo kidogo mpaka wakaenda nyumbani. Wengine misuli haikurudi kamwe, nao wakabuni njia ya mzunguko. Walijifunza kumeza hewa kwa ulimi na koo, gulu gulu gulu, kama chura, wakiisukuma mapafuni funda baada ya funda. Daktari Clarence Dail wa hospitali ya Rancho Los Amigos, California, aliieleza mbinu hiyo mwaka wa 1951. Kwa hiyo kumbuka: moja ya mbinu za mwanzo kabisa za kumtoa mtu kwenye mashine haikutoka kwenye maabara. Ilitoka kwa wagonjwa wenyewe.

Aliyeifanya mbinu hiyo ijulikane zaidi ni Paul Alexander wa Dallas. Polio ilimpata mwaka wa 1952 akiwa na miaka sita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwahidi kitu kimoja: ukiweza kupumua nje ya tangi kwa dakika tatu, nitakupa mbwa. Dakika tatu! Wewe na mimi dakika tatu tunazimaliza tukitafuta chaja. Yeye zilimchukua karibu mwaka mzima. Mbwa akampata. Baadaye dakika zikawa saa, saa zikawa siku ya kazi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas, akawa wakili, akaenda mahakamani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha jioni akarudi kulala ndani ya tangi lake. Alikufa Machi 2024 akiwa na miaka 78. Hakuwahi kuachana na mashine kabisa. Hata hivyo sidhani kuna mtu anaweza kusema alishindwa.

Mwaka huo huo wa 1952, ng'ambo ya bahari, jiji la Copenhagen nchini Denmark lilivamiwa na polio mbaya kuliko zote lililowahi kuona. Hospitali ya Blegdam, iliyohudumia magonjwa ya kuambukiza, ilikuwa na tangi moja tu na vifaa sita vidogo vya kufunga kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 walisaidiwa kupumua kwa vifaa hivyo. 27 walikufa. Mkuu wa hospitali, Profesa H.C.A. Lassen, akakubali kumwita mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa polio hata kidogo: Bjørn Ibsen, daktari wa kuwalaza wagonjwa usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Ibsen alitazama vipimo akaona jambo ambalo wenzake walilisoma vibaya. Hewa chafu ya kaboni ilikuwa imejaa kwenye damu ya wagonjwa kwa sababu hawakuwa wanapumua vya kutosha. Tarehe 27 Agosti alionyesha njia yake kwa msichana wa miaka 12, Vivi Ebert, aliyekuwa anakufa. Tundu lilitobolewa kooni, mrija ukaingizwa, na Ibsen akaanza kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Mwanzoni haikwenda. Msichana alihangaika, akapigana na ile hewa. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukalegea, hewa ikaingia. Vivi akaishi. Alibaki amepooza, lakini aliishi hadi 1971.

Tatizo lililofuata lilikuwa la kawaida kabisa, la aina tunayoijua vizuri huku kwetu: mikono. Nani ataminya mfuko usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi, wa udaktari na wa meno. Takriban 1,500 walipokezana zamu, na inakadiriwa walitumia saa 165,000 wakiminya mifuko. Siku za kilele wagonjwa 70 walikuwa wanapumuliwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Vifo, vilivyokuwa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi, vilishuka sana, kufikia karibu wanne kati ya kumi, na baadaye chini ya hapo.

Hadithi hii husimuliwa kama mwanzo wa ICU, na ni kweli: mwaka uliofuata Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya jijini humo wodi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya aina hiyo. Lakini mimi kinachonivutia ni kile ambacho mkono unajua. Ukiminya mfuko wa mpira uliounganishwa na koo la mtu, unahisi kifua kikikataa au kikikubali. Siku mgonjwa akianza kuvuta pumzi yake, hata kidogo tu, mfuko unavutika mkononi mwako kabla hujaminya. Unajua hapo hapo. Huhitaji kusubiri ripoti ya kesho.

Mashine zilizofuata zilichukua kazi ya mikono ile. Zilikuwa bora kwa mengi: hazichoki, hazisinzii saa tisa usiku, hazina mtihani wiki ijayo. Ila mashine ilipochukua kazi ya mkono, jukumu la kugundua kwamba mgonjwa ameanza kujivutia pumzi lilibaki bila mwenyewe. Na kwa kuwa mtu aliye macho hugombana na mrija, wagonjwa walipewa dawa za usingizi, wakati mwingine nyingi. Mgonjwa aliyelala fofofo, mashine ikimpumulia kila kitu, anaonekana ametulia. Wodi nzima inaonekana imetulia.

Ndani ya mwili mambo hayajatulia. Pumzi inategemea diaframu, msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao tangu siku ulipozaliwa haujachukua mapumziko. Mwaka wa 2008 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya kupima diaframu za watu 14 waliokuwa wamekufa ubongo na kutoa viungo vyao kwa wengine. Walikuwa wamekaa kwenye mashine kati ya saa 18 na 69 tu. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine kwa saa chache tu za upasuaji. Soma tena hesabu hiyo. Si miezi, ni saa. Sasa fikiria mtu aliyekaa wiki tano, amekonda, amepata maambukizi mara mbili, figo zinasumbua. Huyo ndiye mgonjwa ambaye mwaka wa 1985 madaktari wawili Wamarekani walimpa jina kwa mara ya kwanza: mahututi sugu. Hafi, haponi. Dawa ilifaulu kumzuia asife, halafu ikasimama pale, haijui hatua inayofuata.

Kuhusu namna ya kumtoa mtu kwenye mashine, kwa miaka kila daktari alikuwa na dini yake. Njia ya kale ilikuwa ya tangi: mtoe, mwache apumue mwenyewe kidogo, mrudishe, kesho muongezee. Mwaka wa 1973 ikaja njia mpya ambayo mashine inatoa pumzi chache za lazima kila dakika, na mgonjwa anajaza pengo. Unapunguza pumzi za lazima pole pole: kumi, nane, sita, nne. Ilivutia sana. Ilionekana ya upole, ya kisasa, na ilifanana kabisa na lile neno la kulikiza. Ikaenea hospitalini kabla mtu hajaipima vizuri.

Ilipopimwa, ikaaibika. Mwaka wa 1994 utafiti ulioongozwa na Mfaransa Laurent Brochard ulionyesha kwamba njia hiyo ilikuwa nyuma ya nyingine. Mwaka uliofuata Andrés Esteban na wenzake wa Hispania walikuta kwamba kumjaribu mgonjwa mara moja tu kwa siku apumue mwenyewe kulimtoa kwenye mashine karibu mara tatu haraka kuliko ile njia ya kupunguza polepole. Mwaka wa 1996 kundi la Wesley Ely, Marekani, likafanya jambo ambalo ukilisikia unauliza, kwani hili nalo lilihitaji utafiti? Kila asubuhi wagonjwa walikaguliwa kwa orodha fupi ya masharti. Aliyetimiza alijaribiwa kupumua mwenyewe, na daktari wake akaarifiwa akifaulu. Basi. Kati ya wagonjwa 300, muda wa kati kwenye mashine ulishuka kutoka siku 6 hadi 4 na nusu.

Mwaka wa 2000 ikaja zamu ya dawa za usingizi. John Kress na wenzake wa Chicago walizisimamisha kila siku mpaka mgonjwa aamke, kisha wakaanza upya ikibidi. Siku za mashine zikashuka kutoka 7.3 hadi 4.9. Mwaka wa 2008 hatua hizo mbili zikaunganishwa: mwamshe, halafu mjaribu. Kati ya kila wagonjwa saba waliofanyiwa hivyo, mmoja zaidi alikuwa hai baada ya mwaka. Hakuna dawa mpya hapo. Hakuna mashine ghali zaidi. Kuna mtu anayefika kitandani kila asubuhi na swali.

Lakini hao walikuwa wagonjwa wa siku chache. Vipi wale wa wiki na miezi, ambao wataalamu huwahesabu kuanzia siku ya 21? Marekani, kwa sababu za kitiba na za pesa, kulizuka hospitali maalumu za kuwapokea, hasa baada ya serikali kubadilisha namna ya kulipa hospitali mwaka wa 1983. ICU za kawaida zikawa na haraka ya kuwahamisha. Katika moja ya hospitali hizo, karibu na Chicago, Amal Jubran na Martin Tobin walifanya utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013. Kwa miaka kumi walipokea wagonjwa 500 wenye tundu kooni, walioletwa kwa sababu eti wameshindwa kuachana na mashine. Kabla ya kuanza matibabu yoyote waliwapa mtihani: tukuondoe kwenye mashine, tukupe oksijeni tu kupitia lile tundu, tuone.

Wagonjwa 160 walipumua wenyewe kwa siku tano mfululizo. Hawakuhitaji kulikizwa. Walikuwa wamefunguliwa mlango zamani, hakuna aliyewaambia.

Nikiulizwa ni namba gani moja katika historia hii nzima ingebandikwa ukutani, ningechagua hiyo 160. Karibu mmoja kati ya watatu. Watu waliosafirishwa kwa ambulansi wakiwa na barua inayosema hawawezi, na wanaweza.

Wale 316 waliofeli mtihani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja mashine ilipunguzwa msaada taratibu. Kundi la pili waliondolewa kabisa mchana, siku ya kwanza hadi saa 12, usiku wakarudishwa wapumzike, mpaka siku ya tatu wakajaribiwa mchana na usiku. Hili la pili lilitangulia: muda wa kati ulikuwa siku 15, la kwanza 19. Sababu mojawapo inaeleweka. Mashine inaposaidia kidogo, huwezi kujua ni nani anayefanya kazi, yeye au yenyewe. Ukiiondoa, unamwona mgonjwa. Na hapo, bila mtu yeyote kupanga, tukajikuta tumerudi kwenye dakika tatu za Paul na saa ya mkononi ya miaka ya tangi.

Sasa niseme sehemu ngumu, kwa sababu historia hii si ya ushindi mtupu. Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa makundi yote mawili walikuwa wamekufa. Utafiti mwingine wa 2007, uliofuata wagonjwa 1,419 katika hospitali 23 za aina hiyo, ulikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu waliachana na mashine, robo walikufa humo humo, na mmoja kati ya watano alibaki ameunganishwa. Na mwaka wa 2009 watafiti walilinganisha matarajio ya familia na ya madaktari. Familia saba kati ya kumi zilitarajia mgonjwa wao arudi kufanya shughuli zake bila shida kubwa. Madaktari waliotarajia hivyo walikuwa 6 kati ya 100. Baada ya mwaka, wagonjwa 9 kati ya 100 ndio waliokuwa hai na wanajitegemea.

Kati ya familia na daktari hapo pana korongo, na watu wamesimama pande mbili bila kupigiana kelele. Kwetu korongo hilo lina gharama inayohesabika kwa shilingi. Tunaijua ile grupu ya WhatsApp inayoanzishwa usiku, lile tangazo la harambee lenye picha ya mtu akitabasamu, bili ya ICU inayokua kila saa sita za usiku zikigonga. Kila mmoja anachanga kwa jina la kupona, na mara nyingi hakuna aliyeketi na familia kuwaambia kupona kunafanana na nini baada ya wiki sita za mashine: kujifunza kukaa, kumeza, kuzungumza tena, na huenda tundu kooni kwa miezi. Simlaumu muuguzi mwenye vitanda vingi kuliko mikono. Nasema tu kwamba ukweli ni sehemu ya matibabu, na hauhitaji umeme.

Ndiyo maana hesabu zetu za 2020 zilikuwa nusu ya hesabu. Mashine inanunuliwa, inapigwa picha, inazinduliwa na mheshimiwa. Muuguzi wa ICU, mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa kupunguza dawa ya usingizi asubuhi na kusimama pale dakika thelathini akitazama kifua kinavyopanda, hao hawazinduliwi kwa utepe. Copenhagen ilikuwa na tangi moja. Kilichogeuza mambo ni daktari aliyesoma vipimo vizuri na vijana 1,500 wa rika letu waliokuwa tayari kukaa kando ya kitanda.

Kwa hiyo kama siku moja wewe ndiye uliye kwenye korido, na jamaa yako yuko ndani amepitisha wiki ya tatu, usiulize tu kama hali imebadilika. Uliza kwa heshima, na uulize kila siku: leo ameamshwa? Leo amejaribiwa kupumua mwenyewe? Aliweza kwa muda gani? Na tukifanikiwa, au tusipofanikiwa, maisha yake yatakuwaje? Ni maswali ya kawaida. Imechukua karibu miaka mia moja, na watu wengi mno, kujua kwamba ndiyo yanayohesabika.